Muulize Shangazi wa Katuni: Wiki hii nisome kipi?

Barua nne wiki hii, na karibu zote kilio chake ni kimoja: katuni mpya ni nyingi, siku ni saba. Nimezifupisha. Ya Mwanza ilikuwa na kurasa tano, mbili nzima za kuwasema mashabiki wenzake, nikazitoa.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanachuo hapa Mwanza. Jumapili jioni sura mpya za manga, katuni za Kijapani, zikitoka nafungua moja baada ya nyingine, nafuata hadithi kumi na tisa. Jumatatu asubuhi bando limekata, na ukiniuliza nimesoma nini nachanganya: huyu mwenye upanga ni wa hadithi hii au ile? Nikiacha hata moja naogopa washkaji watanimalizia utamu kijiweni. Nichague vipi?*
Mwenye Kumi na Tisa, Mwanza

Marahaba mwanangu. Kumi na tisa! Hilo gazeti la Tokyo linalokutoa jasho, Shonen Jump, lina hadithi kama ishirini kwa toleo. Maana yake wewe unalisoma karibu lote, kama mhariri. Tofauti ni kwamba mhariri analipwa.

Hebu tuwatazame Wajapani wenyewe. Kwa miaka mingi ndani ya kila toleo kumekuwa na kadi ya posta ya maoni, na msomaji anaombwa ataje hadithi alizozipenda wiki ile. Ngapi? Tatu. Mwishoni mwa 1994 gazeti lile lilifika nakala zaidi ya milioni 6.5 kwa toleo moja, na watu wote hao swali lao lilikuwa hilo hilo la kutaja tatu. Hadithi ikikosa kuingia kwenye tatu za watu inakatwa, mara nyingi kabla haijafika sura ya ishirini. Kwa hiyo hata wanaolipwa hawategemei kwamba mtu mmoja atazipenda zote.

Halafu hiyo haraka yako ya Jumapili. Zinatoka saa kumi na mbili jioni yetu kwa sababu Tokyo ni saa sita usiku, Jumatatu inaingia. Lakini kule Manga Plus, programu ya wachapishaji wenyewe, Shueisha, sura tatu za mwanzo na tatu za karibuni unasoma bure. Ukiikosa ya leo utaikuta Jumapili ijayo, na inayofuata utaikuta. Aliyekukimbiza ni kijiwe.

Sasa nikueleze ninavyofanya mimi. Nina kauntabuku la kurasa mia, jalada limechakaa. Jumamosi usiku, kabla sijafungua chochote, naandika jina la kila hadithi ninayoifuata na mbele yake mstari mmoja: iliishia wapi. Bila kuchungulia. "Mdogo mtu kafungua mlango, kamkuta mwalimu amekaa gizani." Hiyo kesho ndiyo ya kwanza, chai ikiwa ya moto. Nyingine nakaa na kalamu mkononi, nasikia majogoo, hakuna kinachokuja. Ikiwa tupu wiki mbili mfululizo, naipiga mstari. Lile neno "Itaendelea" pale chini linamhusu mchoraji na linakuhusu wewe pia: yeye aendelee, wewe ukumbuke.

Mwaka jana kuna moja niliiandikia "wanapigana". Wiki ya pili, "bado wanapigana". Ya tatu nikaandika "anapigwa, sijui nani". Nikaipiga mstari. Siku nyingi baadaye mpwa wangu akaja kuniambia imenoga. Nikazisoma tatu zilizokuwepo kwa mkupuo mmoja, na kweli ilikuwa imenoga, pigano zima likaisha ndani ya dakika kumi. Kumbe haikuwa mbaya, ilikuwa si ya kunywewa kwa kijiko. Kwa hiyo ukibakiza tatu kama Wajapani, hizo kumi na sita utakazozitoa usizitukane zote. Nyingine zinataka kulimbikizwa.

Na mpya ambayo hujawahi kuisoma utaipimaje? Hapa itabidi nikupeleke Tanga. Baba yangu alikuwa na meza ya magazeti Ngamiani, barabara ya nane. Magazeti yaliingia na basi la kutoka Dar, mchana, na yale ya katuni aliyaning'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Ruhusa yangu ilikuwa moja tu kwa siku, mikono imeoshwa, bila kulikunja mgongo. Lisilouzwa lilirudi kwa wakala, na wakala hapokei gazeti lenye alama ya mafuta ya maandazi. (Nalijua hilo kwa sababu alama ile iliniponza. Baba alilikata bei yake kwenye hela yangu ya sikukuu.) Mtu mwenye nafasi moja haangalii jalada. Jalada kila mchoraji analikeshea. Nilikuwa nafungua katikati, pale ambapo mchoraji amechoka na mhariri amekwishapiga simu mara mbili. Nikikuta nyumba zimepotea nyuma ya watu, miguu imefichwa kwenye vumbi, mikono yote imeingizwa mifukoni, nalirudisha kwenye kamba. Nikikuta pale katikati mtu anamenya chungwa na maganda yanaonekana, basi hilo ndilo langu leo.

Fanya hivyo hivyo kwenye simu. Tatu za Jumapili. Moja ngeni ya kuonja, ufungulie katikati. Washkaji wakikumalizia utamu wa hadithi uliyoilimbikiza, utaona kwamba anayejua mwisho bado anataka kuona ulivyochorwa. Kama hutaki, basi haikuwa na mchoro.

*Dada, salamu kutoka Columbus, Ohio. Mwanangu ana miaka 13. Kila Jumatano akitoka shule lazima tupite duka la komiki. Tulianza na dola 12, sasa tunagonga 40. Mwenye duka ni mstaarabu, amemfungulia faili lenye jina lake, kila toleo jipya linamngoja humo. Mimi nimekulia Kigoma, gazeti moja la katuni la Sani tulisoma mtaa mzima mpaka karatasi inakuwa kitambaa. Nimzuie?*
Baba wa Jumatano, Columbus

Kaka, usimzuie. Lisome faili.

Nilikaa mji huo huo miezi minane kwa dada yangu, na jambo lililonishangaza kwenye maduka yale ni hili: komiki isiyouzwa kwa kawaida hairudi. Baba yangu jioni alifunga mzigo wa yaliyobaki, wakala akayabeba, hasara ikawa ya Dar es Salaam. Duka la komiki la Marekani, tangu ulipozaliwa mfumo huo miaka ya 1970, linanunua kwa punguzo na kisichotoka kinabaki kwake. Mwenye duka anaagiza kutoka kwenye katalogi miezi kabla, na nafasi ya mwisho ya kurekebisha idadi hufungwa wiki kadhaa kabla ya Jumatano yenyewe. Ndiyo maana ya faili. Mwenye duka si mwongo wala si mchoyo, anataka kujua mapema nani atabeba nini. Lakini faili linamlinda yeye. Mwanao akiingiza jina la hadithi humo, inaendelea kuja awe anaipenda au ameshaisahau.

Na fikiria anachopata: kurasa ishirini, ishirini na mbili, kwa dola 3.99 au 4.99. Dakika kumi na tano akisoma polepole. Hapo bado hujakutana na majalada. Toleo moja linaweza kutoka na majalada manne, matano, kila moja na mchoraji wake, ndani kitu kile kile. Mimi, mtoto wa muuza magazeti, nilinunua toleo moja mara mbili. Jumatano moja nilichukua lenye mwanamke juu ya paa, Jumatano iliyofuata nikaona lenye mvua na taa za mji, nikasema hii ndiyo sehemu ya pili. Nimefika kwa dada, nimevua koti, nimefungua: neno kwa neno. Nilirudi dukani kuulizia, kijana akaniambia kwa upole kwamba namba ya toleo iko pale pembeni, ndogo. Kweli ilikuwepo. Ndogo kama mbegu ya ufuta. Basi mfundishe mwanao kusoma namba kabla ya picha, na aiangalie kwa jicho la pili namba 1. Kampuni kubwa zinapenda kuanza kuhesabu upya kila mauzo yakishuka, kwa hiyo namba 1 inaweza kuwa hadithi ile ile iliyobadilishiwa nguo.

Jumanne usiku kaeni wawili na orodha ya kesho. Amwambie baba, kwa mdomo, kila moja iliishia wapi. Anazozieleza mpaka chakula kinapoa, hizo zibaki kwenye faili. Tatu zinatosha, hapo mko chini ya dola 15. Nyingine zinakusanywa toleo tano au sita kwa kitabu kimoja, na vitabu hivyo maktaba za Columbus zinavyo. Kama ni za Marvel, programu yao inaziweka miezi mitatu baada ya kutoka dukani. Miezi mitatu kwa mtoto wa miaka 13 ni karne, najua, lakini ndiyo dawa nzuri ya kujua kama kweli anaitaka.

Mkiondoa majina kwenye faili, mwambieni mwenye duka mapema na mzichukue zile alizokwisha agiza. Si vizuri kumwachia mzigo mtu aliyewatunzia.

Halafu Jumatano moja msiende dukani. Nendeni Chuo Kikuu cha Ohio State, kuna makumbusho ya katuni ya Billy Ireland. Mwonyeshe karatasi za mchoraji mwenyewe, zenye penseli ya chini na rangi nyeupe ya kufutia makosa. Mimi nilisimama pale mbele ya ukurasa mmoja mpaka dada akaenda kukaa kwenye gari.

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nafanya kazi Muscat. Wadogo zangu wote wanasoma One Piece. Nianze mwanzo au nidandie hapa walipofika?*
Mchelewaji, Muscat

Marahaba. Anza mwanzo. Manga hiyo ya maharamia imeanza Julai 1997 na imepita sura 1,100. Sura tatu kila usiku baada ya isha zitakuchukua mwaka mmoja na ushee, na vitabu vyake vimepita 100, kwa hiyo azima kwa hao wadogo zako badala ya kununua. Hiyo usiiweke kabisa kwenye hesabu ya wiki, ni kama kusoma msahafu wa jirani: polepole, na una mwisho wa juzuu. Ya wiki chagua nyingine changa. Kwenu Muscat inaingia saa moja jioni, si kumi na mbili, usije ukakaa saa nzima unaisukuma skrini.

*Assalam aleikum Shangazi. Tuko watatu, Majengo, Mombasa. Twasoma za Wajapani na za Wamarekani kila wiki, za Kiswahili kila wiki hatuzioni. Tumeamua kutoa yetu, kurasa kumi na tano kila Ijumaa. Ukurasa wa kwanza huu hapa, tazama.*
Watatu wa Majengo

Waaleikum salaam wanangu. Barua yenu nimeisoma mara tatu, ya tatu nikasimama.

Zilikuwepo. Kwenu Kenya, Juha Kalulu wa Edward Gitau alikaa kwenye Taifa Leo miongo mingi, na watu waligeuza gazeti wakaanza na yeye kabla ya habari za serikali. Huku kwetu Sani, ambalo jina lake limeunganishwa na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, lilitupa akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa Philip Ndunguru, na yeye alipofariki wenzake wakaendelea kuwachora. James Gayo akaja na Kingo, mtu wa mtaani ambaye mara nyingi hasemi hata neno na bado unacheka. Kwenu tena, 2010, Shujaaz ikaanza kwa Sheng, ikigawiwa bure ndani ya gazeti, mara moja kwa mwezi.

Mara moja kwa mwezi, jamani, na ilikuwa na watu na fedha. Gitau kila siku alitoa mstari mmoja wa picha, si kurasa. Mchoraji wa Shonen Jump anatoa kurasa kumi na tisa kwa wiki, lakini ana wasaidizi wa kumchorea majengo na umati wa watu, na bado wengi wamevunjika migongo. Nyinyi watatu, mmoja mmeniandikia anaendesha tuktuk na mwingine anafanya mtihani Novemba. Kurasa kumi na tano kila Ijumaa zitakwisha Ijumaa ya tatu, na mtakuwa hamsemezani.

Anzeni na ukurasa mmoja kwa wiki. Kabla hamjamwonyesha mtu, muwe na kurasa nane zilizokamilika kwenye sanduku, ili akiugua mmoja gari lisizime. Na ule ukurasa wa nane muuchore kwa bidii kuliko wa kwanza, kwa sababu kuna mtoto mahali ataufungua katikati.

Huo mlionitumia nimeupenda. Kivuko cha Likoni kimejaa vilivyo, yule mama mwenye beseni la samaki anaangalia pembeni kama anayedaiwa, na mazungumzo yenu ni ya watu, si ya vitabuni. Lakini yule mvuvi aliyeshika kamba, mkono wa kushoto ana vidole sita. Mrekebisheni, halafu mnitumie wa pili.