Anza na kinachokukera

Wanaoanza kujifunza kuandika programu huniuliza swali moja kuliko mengine yote: "Nimemaliza masomo ya mwanzo, sasa niandike programu gani?" Wanajua kitanzi (amri zinazojirudia), wanajua orodha, wanajua kuandika funksheni (kipande cha programu chenye jina lake) na kuiita, lakini wakifungua faili tupu hawaoni pa kuanzia. Nilikwama hapo hapo kwa miezi kadhaa, na bado nakumbuka jinsi inavyochosha.

Shida yangu ilikuwa kutafuta wazo kubwa. Nilianza mtandao wa kijamii, nikaanza mchezo wenye ramani isiyo na mwisho, nikaanza kamusi. Hakuna hata kimoja kilichofika wiki ya tatu. Uvivu haukuwepo; nilikuwa najenga vitu nisivyovihitaji, na kila nilipokwama hapakuwa na cha kunivuta nirudi.

Kilichonitoa ni folda ya picha. Zilikuwa maelfu, zote zina majina ya namba yasiyoeleza lolote, na kila nilipotafuta moja nilipoteza nusu saa. Nikaandika programu fupi, mistari kama 40 hivi: inasoma tarehe iliyohifadhiwa ndani ya faili, inaipa picha jina la tarehe na saa, kisha inaihamishia kwenye folda ya mwezi wake. Niliiendesha kwa furaha. Baadaye nikahesabu faili na kukuta zimepungua. Picha mbili zilizopigwa ndani ya sekunde moja zilipewa jina moja, na ya pili ikaifuta ya kwanza bila kuuliza. Nakala sikuwa nayo.

Uchungu wa picha zile ulinifundisha mambo ambayo somo lolote lingenipitia tu. Tangu siku hiyo, programu yangu yoyote inayogusa faili huanza kwa kuorodhesha inachokusudia kufanya, bila kufanya. Naisoma orodha, ndipo naipa ruhusa. Hukagua kama jina limeshatumika. Na majaribio nafanyia kwenye nakala, kamwe si kwenye faili halisi. Yashike hayo matatu hata kama hutakumbuka kingine.

Ukitazama programu zinazotegemewa duniani, nyingi zilianza na kero ya mtu mmoja. Mwaka 1977 mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth aliletewa kurasa za majaribio za kitabu chake, akaona herufi zimepangwa vibaya kiasi cha kumuudhi. Akaanza kutengeneza TeX, programu ya kupanga kurasa za vitabu, akitumaini kuimaliza katika likizo yake ya utafiti ya 1978. Haikutulia hadi 1989. Daniel Stenberg alitaka tu kuwapatia watu wa chumba chake cha maongezi cha mtandaoni viwango vya kubadilisha fedha. Akachukua programu ndogo iliyoandikwa na mwingine, akaiongezea na kuiongezea, na mwaka 1998 ikapewa jina la curl, chombo cha kuhamisha data kupitia mtandao. Zingatia kwamba hakuanza na ukurasa mtupu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, alianza Git mwezi Aprili 2005 kwa sababu timu ya Linux ilikuwa imepoteza ruhusa ya kutumia bure chombo walichokitegemea kutunza mabadiliko ya msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Kazi ilikuwa imesimama mlangoni inasubiri.

Si wote wanaosukumwa na kero, na sitaki udhani hiyo ndiyo njia pekee. Guido van Rossum alianza lugha ya programu ya Python katika mapumziko ya Krismasi ya 1989 akitafuta kitu cha kumshughulisha. Wapo wanaoandika mfasiri mdogo wa lugha ya programu, au hifadhidata ndogo, wakijua kabisa kwamba hakuna atakayeitumia, kwa sababu wanataka kuelewa inavyofanya kazi ndani. Hiyo ni sababu nzuri sana. Swali ni lako, na utalifuata hata usiku. Wapo pia wanaoandika kwa ajili ya mshahara, na wengi wao wanaipenda kazi yao. Kinachoua mradi ni kuuchagua kwa sababu unaonekana wa kuvutia kwa watu wengine.

Kero ndogo ina faida moja zaidi: hukufikisha kwenye mambo mazito bila kukuonya. Mradi wangu wa pili ulikuwa wa kugawanya gharama kati ya watu wanaoishi pamoja. Hesabu rahisi, nilidhani. Kumbe ukiiambia kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa namba za desimali za kawaida, inakujibu 0.30000000000000004. Kompyuta huhifadhi namba hizo kwa kizio cha mbili, yaani kwa tarakimu 0 na 1 tu, na humo 0.1 haiandikiki kikamilifu, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali. Nikajifunza kuhesabu fedha kwa namba kamili za kipimo kidogo kabisa, senti badala ya sehemu ya shilingi. Nilielewa siku moja kilichokuwa kimenishinda kukielewa darasani, maana safari hii mtu halisi alikuwa anadaiwa kiasi kisicho sahihi.

Ukikosa kero yako, ingia kwenye mradi wa wengine. Usianze na msimbo. Chukua ripoti ya hitilafu, jaribu kuifanya hitilafu hiyo itokee tena kwenye kompyuta yako, uandike hatua zake moja baada ya nyingine. Watunzaji wa miradi hushukuru sana kwa hilo.

Programu ya picha bado naitumia. Mwezi uliopita nimeiongezea video, nikakuta nyingine zinaangukia kwenye folda ya siku isiyo yake. Sababu ni kwamba picha huandika saa ya mahali zilipopigwa, ilhali video zangu huandika saa ya UTC, ile saa moja ya marejeo kwa dunia nzima. Nimeshapata njia ya kuzitambua. Zilizobaki ni zile nilizopiga nikiwa safarini, na hizo ndizo ninazoshughulika nazo wiki hii.