Miche ya paini ikidumaa, chunguza kuvu wa mizizi kabla ya kununua mbolea

Paini inaishi kwa kushirikiana na kuvu. Nyuzi za kuvu ni nyembamba kuliko mzizi, hivyo hupenya kwenye vijitundu vya udongo visivyofikiwa na mzizi na kuuletea mti maji na fosforasi. Mti nao hulipa kwa sukari. Mvua ikikatika wiki tatu baada ya kupanda, jambo ambalo mkulima wa Mufindi au Njombe, kusini mwa Tanzania, lazima alitarajie siku hizi, mche wenye kuvu wengi ndio wenye nafasi ya kuvuka. Lakini ukame ukizidi, mti hufunga vitundu vya majani, sukari inapungua, na kuvu nao wanakosa chakula. Ndiyo maana kazi yote ifanyike kitaluni, mapema.

Paini ni mgeni hapa na kuvu wake walikuja naye. Kitalu kipya kilicho mbali na mashamba ya paini huenda hakina hata mmoja. Nenda chini ya paini zilizokomaa zenye afya, ondoa majani ambayo hayajaoza, chota udongo wa juu, sentimita 10 tu. Changanya ndoo 1 ya udongo huo na ndoo 9 za udongo wa kitalu, kisha jaza viriba (vifuko vya plastiki vya kukuzia miche). Usichote kwenye miti inayooza mizizi, utahamisha ugonjwa. Wala usichote palipoungua karibuni: moto wa Septemba huua kuvu wa tabaka la juu, na ndilo unalolihitaji. Udongo ukae kivulini, kwenye gunia lenye unyevu, utumike ndani ya siku chache.

Wengi huharibu hapa: wanachoma udongo wote kwa kuogopa kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga shinani. Choma mchanga wa tuta la kusia mbegu; udongo wa viriba wenye kuvu usiuguse. Dawa za ukungu za kumwagilia nazo haziulizi kuvu yupi ni rafiki.

Miche ikifika miezi minne, ng'oa 10 kutoka pembe tofauti za kitalu, ioshe mizizi kwenye beseni. Tafuta vijizizi vifupi, vinene, vilivyogawanyika kama herufi Y, na utando mweupe au wa kahawia kwenye udongo. Usipouona, na majani ya chini yana rangi ya zambarau, mche una njaa ya fosforasi. Kuongeza DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, kwa wingi ni kosa tunaloliona sana: mche ulioshiba fosforasi hauna haja ya kuvu, na wakiwemo wachache huwanyima sukari. Weka udongo wa chini ya paini zilizokomaa juu ya kiriba, kiasi cha kijiko, mwagilia, subiri wiki kadhaa. Usiloweshe hadi matope, kuvu wanahitaji hewa.

Shambani, chimba kwanza uone unyevu umefika sentimita 30. Manyunyu ya Novemba yanadanganya. Chana kiriba, kiondoe chote, usikung'ute udongo wake. Palilia kuzunguka mche, kisha acha nyasi ulizokata zifunike ardhi, mbali kidogo na shina ili mchwa wasiuvamie.