Maswali ya Wasomaji: Kadi ya Z80 ndani ya Emuleta ya Apple II

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika emuleta (programu inayoiga kompyuta nyingine) ya kompyuta ya zamani ya Apple II, na tayari inaendesha BASIC na michezo bila taabu. Sasa nimeiongezea kadi ya SoftCard yenye prosesa ya Z80, nikitaka kuendesha CP/M, mfumo endeshi wa zamani wa prosesa hiyo. Diski huanza kusomwa vizuri, kisha mfumo hujipakia upya, ukasoma tena, ukajipakia tena, bila kukoma. Z80 yenyewe nimeipima kwa ZEXALL, programu ya kukagua amri za Z80, na haikuonyesha kosa lolote. Tatizo liko wapi?
Msomaji wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Ndugu yetu wa Katuba, ikiwa ZEXALL imepita, acha kuishuku Z80, tazama pale prosesa mbili zinapopokezana zamu. SoftCard, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 1980, haileti kompyuta ya pili. Inaleta prosesa inayotumia kumbukumbu ileile na diski zilezile za Apple, na Z80 inapofanya kazi, 6502, yaani prosesa ya asili ya Apple, husimama. Zamu hubadilishwa kwa kuandika thamani yoyote kwenye anwani ya kadi: kadi ikiwa katika sloti ya 4, 6502 huandika kwenye C400, na Z80 huandika kwenye E400 (anwani zote hapa ni za heksadesimali).

Kusoma diski ya Apple kunategemea mizunguko ya 6502 iliyohesabiwa kwa makini, kwa hiyo CP/M, kila inapohitaji diski, huiachia 6502 kazi hiyo na kungoja. Zamu ikirudi, Z80 inapaswa kuendelea na amri iliyofuata pale ilipoachia. Dalili ulizoeleza zinanifanya niamini kwamba emuleta yako huiwasha Z80 upya kila inapopewa zamu. Hapo huanzia anwani 0, ambapo CP/M imeweka amri ya kuruka ambayo kazi yake ni kuupakia mfumo tena kutoka diskini. Upakiaji unaiita 6502, 6502 inarudisha zamu, nawe unaifuta Z80 kwa mara nyingine. Rejista zake, yaani nafasi ndogo za kuhifadhia thamani ndani ya prosesa, zifutwe tu mashine inapowashwa au RESET inapobonyezwa.

Ukimaliza hapo, kagua uhamishaji wa anwani. 6502 huhitaji kurasa mbili za mwanzo wa kumbukumbu kwa matumizi yake, na CP/M nayo hudai anwani 0, ndiyo maana kadi husogeza: 0000 hadi AFFF za Z80 huangukia 1000 hadi BFFF, B000 hadi DFFF huwa D000 hadi FFFF, E000 hadi EFFF huwa C000 hadi CFFF, na F000 hadi FFFF hurudi 0000 hadi 0FFF. Usisome wala kuandika moja kwa moja kwenye safu ya baiti, bali pitia funksheni zilezile za kusoma na kuandika ambazo 6502 huzitumia, kwa kuwa kuanzia D000 ya Apple kuna Language Card (kadi ya kumbukumbu ya ziada) na swichi zake. Kosa hili ni la hila: CP/M ya 44K huweza kwenda vizuri kabisa huku ile ya 56K ikianguka.

Kuhusu kasi, mizunguko miwili ya Z80 kwa mmoja wa 6502 yatosha, na zamu ibadilike amri iliyopo ikishakamilika. Na kwa jinsi umeme unavyokatika huku kwetu, bila shaka utataka kuhifadhi hali ya mashine kwenye faili. Weka humo rejista zote za Z80 pamoja na alama ya prosesa iliyokuwa na zamu.