Sauti inachelewa, nikishusha bafa inakwaruza: nianzie wapi?

SWALI: Fundi habari ya kazi. Narekodi nyumbani kwa laptopu ya Windows 11 na intafesi ya USB yenye matundu mawili ya maiki. Nikiimba nimevaa hedifoni najisikia kwa nyuma kidogo, kama kuna mtu ananifuatisha, hata biti inanitoka. Bafa ikiwa 1024 sauti ni safi ila inachelewa, nikishusha mpaka 64 inakwaruza na kukatika. Nimeinstoli ASIO4ALL nikidhani itasaidia lakini bado. Halafu brauza ikiwa wazi DAW (programu yangu ya kurekodia) inasema kifaa hakipatikani. Ninunue laptopu mpya?

JIBU: Njema ndugu. Usinunue kitu kwanza, kwa maelezo yako sioni dalili kwamba laptopu imechoka. Una matatizo matatu yamekaa pamoja yanafanana na moja, ndio maana kila ukigusa huku kunaharibika kule.

Tuanze na bafa maana watu wengi wanaishusha bila kujua wanashusha nini. Bafa ni kama ndoo, kompyuta inajaza na intafesi inachota. Ndoo ikiwa kubwa, anayejaza hata akizubaa kidogo maji bado yapo, ila unasubiri ijae ndo upate. Ikiwa ndogo unapata haraka lakini anayejaza akichelewa hata kidogo tu unachota hewa, na hiyo hewa ndo mkwaruzo unaousikia. Hesabu yake rahisi, chukua sampo za bafa (vipande vidogo vidogo vya sauti) gawa kwa sampuleti, yaani idadi ya sampo kwa sekunde: 1024 kwa 44,100 ni kama milisekunde 23, 256 ni kama 5.8, 128 ni kama 2.9, 64 ni kama 1.5. Na hapo ni upande mmoja tu, sauti yako inaingia kwa bafa moja na kutoka kwa nyingine, halafu intafesi yenyewe na draiva (programu inayoiunganisha na Windows) vinaongeza vyao juu, kwa hiyo ile 1024 yako inakurudishia sauti kwenye masikio baada ya milisekunde karibu 50 au zaidi. Hakuna muimbaji atakaa kwenye biti hapo, sio wewe tu.

Kwa kulinganisha, sauti hewani inachukua kama milisekunde 3 kwa kila mita moja. Mpiga gitaa aliyesimama mita tatu kutoka kwenye spika yake anaisikia kwa kuchelewa karibu milisekunde 9 na anapiga vizuri tu. Kwa hiyo achana na hiyo 64, huihitaji. Kwa kazi ya nyumbani 128 inatosha, hata 256 wengi wanarekodia bila shida.

Sasa ASIO4ALL. Sio programu mbaya, inasaidia sana mtu anayetumia kadi ya sauti iliyomo ndani ya laptopu, ambayo mara nyingi haina draiva yake ya ASIO. ASIO ilitengenezwa na Steinberg mwaka 1997 ili DAW iongee na kifaa moja kwa moja bila kupitia kwenye mikisa ya Windows, na ASIO4ALL inachofanya ni kuchukua draiva ya kawaida ya Windows na kuivalisha sura ya ASIO. Wewe una intafesi. Nenda kwenye tovuti ya waliotengeneza, tafuta modeli yako hasa, shusha draiva yao ya Windows, toa intafesi kwenye USB, instoli, washa upya kompyuta, ndo uchomeke. Halafu kwenye setingi za sauti za DAW uchague draiva yenye jina la intafesi yako, usichague ASIO4ALL wala kitu kinachoitwa Generic. Hapa ndipo watu wanapojikwaa sana, wanainstoli draiva sahihi halafu DAW inaendelea kutumia ya zamani kwa sababu hakuna aliyeibadilisha. ASIO4ALL ukishahakikisha draiva mpya inafanya kazi, iondoe, isikuchanganye.

Kama intafesi yako haina draiva yake ya ASIO (zipo, hasa zile ndogo za bei rahisi) basi ASIO4ALL ibaki, ila fungua panel yake uwashe intafesi peke yake, vifaa vingine vyote zima.

Na hiyo ya brauza ndo tatizo la pili. ASIO4ALL inataka kifaa iwe nacho peke yake, brauza ikishakishika kupitia Windows basi DAW inakuta mlango umefungwa. Draiva nyingi za intafesi zinaruhusu vyote viwili kwa pamoja mradi sampuleti ilingane, kwa hiyo weka Windows na projekti yako kwenye namba moja, zote 44,100 au zote 48,000. Mimi binafsi napendelea sauti za Windows zitoke kwenye spika za laptopu na intafesi ibaki ya muziki tu, unaepuka ugomvi wote.

Mkwaruzo sasa, hapa tukae kidogo. Mtu akisikia inakwaruza anaangalia mita ya CPU kwenye DAW, anaona asilimia 20, anashangaa. CPU inaweza kuwa na nafasi tele na bado sauti ikakatika, kwa sababu draiva nyingine ndani ya Windows, haina uhusiano wowote na muziki, imeishika prosesa kwa milisekunde mbili tatu bila kuiachia, na bafa yako ya 64 ina milisekunde 1.5 tu. Imekwisha hapo. Kwa hiyo cha kutafuta ni nani anaishikilia, na kuna programu ya bure inaitwa LatencyMon inayokuambia. Iwashe, iache ikimbie dakika kumi hivi huku ukifanya kazi ya kawaida, halafu fungua ukurasa wa draiva upange kwa ile yenye muda mrefu zaidi. Ukikuta ndis.sys juu huyo ni mtandao, mara nyingi waifai, izime unaporekodi usikilize tena. nvlddmkm.sys ni kadi ya picha ya Nvidia, jaribu draiva yake mpya au rudi kwenye ya zamani iliyokuwa sawa. ACPI.sys ni mambo ya umeme na betri, kwenye laptopu inatokea sana, na dawa yake ni kuingia Device Manager kwenye sehemu ya betri na kuzima kwa muda ile yenye maneno Control Method Battery, asilimia za chaji hazitaonekana mpaka uiwashe tena kwa hiyo kaa kwenye chaja. Ukiona Wdf01000.sys usikimbilie kuilaumu, hiyo inabeba draiva za wengine hasa vitu vya USB, chomoa kimoja kimoja uone ni kipi kikitoka namba inashuka.

Zima kimoja, pima, kisha ndo uguse kingine. Ukizima vitu saba kwa mpigo ikapona hutajua ni kipi kilikuwa mgonjwa na wiki ijayo Windows ikijisasisha unaanza upya.

Upande wa umeme, weka mpango wa nguvu kwenye utendaji wa juu, na kwenye setingi za ndani zima ile ya kulaza USB, maana Windows ikiamua kupumzisha tundu la USB katikati ya verse utaisikia. Intafesi ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, sio kwenye hab pamoja na flashi na mausi. Na laptopu isikae juu ya kitanda, ikipata joto prosesa inajipunguza spidi yenyewe.

Hedifoni zako ni za waya? Hukusema. Kama ni za bluetuthi basi hayo yote hayatakusaidia, bluetuthi ya kawaida peke yake inaongeza zaidi ya milisekunde 100, na hakuna draiva ya kuiondoa. Waya tu.

Kuna jambo jingine ambalo bafa hailigusi kabisa: plagini, zile programu ndogo za kurekebisha sauti ndani ya DAW. Limita inayoangalia mbele (ya kuzuia sauti isipite kiwango) na EQ za linia-fezi (za kurekebisha besi na trebo) zinachelewesha sauti kwa makusudi ili zifanye kazi yake, na DAW inasubirisha trak nyingine zote zilingane nazo. Ukiwa na moja kwenye masta utajisikia kwa nyuma hata bafa ikiwa 32. Zitoe wakati wa kurekodi, zirudishe ukianza kumiksi, na ukifika kwenye kumiksi pandisha bafa mpaka 1024 bila wasiwasi, pale hakuna anayeimba.

Kwa sauti ya mdomo kuna njia ya mkato pia. Angalia intafesi yako kama ina kitufe au nobu ya kujisikiliza moja kwa moja, nyingi zinayo. Ukiiwasha sauti ya maiki inaenda kwenye hedifoni kabla hata haijaingia kwenye kompyuta, kuchelewa unakuwa huusikii. Zima monita ya trak hiyo kwenye DAW la sivyo utajisikia mara mbili. Haisaidii ukipiga kinanda cha MIDI au gitaa lenye ampu ya plagini, maana hizo sauti zinazaliwa ndani ya kompyuta.

Fanya kwa mpangilio huu: draiva ya intafesi, sampuleti, bafa 256, LatencyMon, halafu ushuke 128. Ikiendelea kukatika niandikie modeli ya intafesi, jina la draiva lililochaguliwa kwenye DAW, na draiva tatu za juu kwenye LatencyMon na muda wa kila moja, nitakuambia tuguse wapi.