Gesi inanuka koridoni usiku, mwenye nyumba anasema ni kawaida

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nimepanga Nkuhungu, chumba na sebule, nyumba ina wapangaji watano na korido moja. Jirani yangu anapikia ndani kwa mtungi wa kilo 6, mimi nina wa kilo 15 na jiko la sahani mbili. Wiki ya pili hii kila usiku nasikia harufu kama ya kabichi iliyooza hapo koridoni, asubuhi watu wakishafungua milango siisikii tena. Nilimwambia mzee mwenye nyumba, akasema mtungi ukikaribia kuisha lazima unuke, na vyumba vyote vina matundu ya hewa juu, kwa hiyo tusimsumbue, tukizidi atapiga marufuku gesi turudi kwenye mkaa. Ni kweli au ananizuga? Na baridi ya saivi madirisha hatufungui kabisa. – Mpangaji, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mbukwenyi wote mnaosoma.

Mzee wako kasema ukweli nusu, na hiyo nusu ndo inanitisha. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu, wanaitia dawa ya kunuka makusudi ili ikivuja ujue. Ile dawa inageuka mvuke taratibu kuliko gesi, kwa hiyo mtungi ukielekea mwisho harufu inakuwa kali zaidi, hapo mzee yuko sawa. Lakini gesi iliyoungua vizuri kwenye jiko hainuki kabichi. Ukiisikia usiku watu wamelala na majiko yamezimwa, maana yake kuna gesi mbichi iko nje ya mtungi, uwe umejaa au umebaki robo.

Hayo matundu ya juu sasa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikitoka inashuka inatambaa sakafuni kama maji, inajaa chini ya kitanda, inapita chini ya mlango, ndo maana unaikuta koridoni. Matundu yaliyo karibu na dari hayaioni kabisa. Na sisi wa Dodoma kwa ajili ya vumbi na upepo kila mtu ana tambara kalibana chini ya mlango, yani ule upenyo mmoja ambao ungesaidia kidogo tumeuziba kwa mikono yetu. Na haihitaji nyingi, ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa ya chumba cheche inatosha.

Kabla hujamlaumu jirani, anza na wako. Koroga sabuni ya unga na maji kidogo kwenye kikombe, fungua mtungi jiko likiwa limezimwa, paka povu kwenye shingo ya mtungi, kwenye regulata (kile kichwa cha kupunguza presha kinachofungwa kwenye mtungi), kwenye mpira mpaka unapoingia kwenye jiko lenyewe. Usipime kwa kiberiti, nimeona watu wazima wenye akili zao wanafanya hivo. Mwaka jana niliitwa na dada mmoja Ipagala, mtungi uko kati ya kitanda na kabati, khanga imetundikwa juu yake, ameshanunua mpira mpya mara mbili na harufu iko palepale. Nikapaka povu kwa brashi ya viatu, kwenye mpira kimya, kwenye jiko kimya, nikarudi shingoni tukakaa tunaangalia, kakatokea kapovu kamoja kanavimba taratibu kama mtoto anapuliza bablishi, kakapasuka, kakaanza kengine. Ilikuwa washa, kale kampira kadogo ka ndani kama pete, kamekatika upande mmoja. Hela yake hata soda hununui.

Kwa jirani mwenye kilo 6 angalieni pale kichomeo kinapofungwa juu ya mtungi. Vile vimitungi ni vya chai na mayai, sisi tunasongea ugali wa mtama wa watu saba, mtungi unacheza, kichomeo kinalegea kidogo kidogo kila siku na mtu haoni. Na awe anafunga koki ya mtungi kila akimaliza kupika.

Ukiisikia usiku usiwashe taa, na kama inawaka usiizime, usichomoe friji wala chaja, swichi yoyote inaweza kutoa cheche. Fungua milango, funga koki ya mtungi wako kama unaifikia, mgongee jirani kwa mkono, tokeni wote nje na watoto, simu pigeni mkiwa mbali na nyumba. Zimamoto ni 114.

Kuhusu mkaa, hapo mzee kachemka kabisa. Wakati wa baridi watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto na wanafunga kila kitu, ile hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu, mtu analala haamki. Gesi angalau inakunukia.

Nendeni wapangaji wote watano kwa mzee, we ukienda peke yako utaonekana mkorofi. Mwombeni tundu moja kila chumba kwenye ukuta wa nje, chini karibu na sakafu, aweke wavu maana najua atasema nge wataingia, na kweli wataingia. Mtungi wako wa kilo 15 ungekaa uani kwenye kakibanda kenye kufuli ingekuwa vizuri zaidi, ila wezi wa mitungi nawajua kwa hiyo sitakulazimisha. Akigoma, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, kodi ya miezi sita mmeshalipa hamuombi sadaka.

SWALI: Fundi, bodaboda ananiletea mtungi kaulaza kwenye siti, una madhara? – Mama wa Ilazo

JIBU: Unayo mama. Ndani mle gesi ni kimiminika kama maji, ukilala yanakaa kwenye koki, na lita moja ya maji yale ikitoka inakuwa lita 250 hivi za gesi. Mwambie ausimamishe na aufunge kamba. Ukifika usimamishe wima, uache utulie kidogo, pima na povu ndo uwashe.