Kabla hujaweka Linux kando ya Windows kwenye laptopu ya mtumba

Laptopu yangu ni ThinkPad T460 niliyoinunua Kariakoo, RAM GB 8, SSD GB 256. Prosesa yake ni ya kizazi cha sita, kwa hiyo Windows 11 haiitambui rasmi, na Windows 10 nayo Microsoft iliiachisha huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025. Ningefuta kila kitu nibaki na Linux Mint (aina ya Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows), ila programu ya hesabu za duka la shangazi inataka Windows, na shangazi ndiye aliyetoa nusu ya hela.

Mara ya kwanza niliharibu. Betri za mtumba ni waongo: inasoma asilimia 80, ukichomoa chaji haimalizi dakika nne. Niliiachia Linux yenyewe ipunguze sehemu ya diski inayokaliwa na Windows, umeme ukakatika, laptopu ikazima katikati ya kazi. Windows haikuwaka tena. Orodha ya wanaodaiwa dukani ilikuwa mle tu. Shangazi alizunguka siku tatu akiuliza wateja mmoja mmoja, na unajua mwenyewe watu wanavyokumbuka madeni yao.

Siku hizi mtu akiniuliza namwambia kazi kubwa iko upande wa Windows, kabla hata hujashika flashi. Hamishia nakala za mafaili yako kwenye diski ya nje. Angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la Windows la kuficha data. Kama imefungwa, andika namba yake ya kufungulia, ile ya tarakimu 48, kwenye karatasi. Mtumba mwingine unakuja na akaunti ya mwenye mali wa zamani, na namba hiyo anayo yeye huko aliko. Mimi huanza kwa kupiga Windows upya, yaishe.

Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`. Bila hivyo Windows ukiizima inasinzia tu, na ukiingia Linux utayaona mafaili yako lakini hutaweza kuyabadilisha. Faida ya pili sikuitegemea: Disk Management, chombo cha Windows cha kugawa diski, ilikuwa inakubali kupunguza GB 11 tu, baada ya hapo ikakubali 100. Punguza sehemu ya Windows humohumo ndani ya Windows, nafasi iliyopatikana iache tupu. Na chaji iwe ukutani, umeme uwe wa uhakika.

Kupakua Mint kunakula karibu GB 3 za bando. Programu ya Rufus itaiandika kwenye flashi ya GB 8. Kama Windows yako inawaka kwa UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine), flashi nayo iwashe kwa UEFI. Kwenye ThinkPad bonyeza F12, uchague flashi, na usisimike bado. Jaribu waifai, sauti na kila kitufe cha kibodi. Ukiridhika, chagua kusimika kando ya Windows. Chaguo la kufuta diski nzima liko palepale jirani, soma mara mbili.

Wiki moja baadaye shangazi akanipigia: risiti inasema saa kumi na moja alfajiri, wakati yeye kafungua duka saa mbili. Linux huiweka saa ya mashine kwa UTC, majira ya kimataifa yaliyo nyuma ya yetu, Windows ikiisoma inadhani ni ya hapa, zinapotea saa tatu. Niliwasha Linux nikaandika `timedatectl set-local-rtc 1`, ili nayo iiweke saa ya mashine kwa majira ya hapa. Risiti za wiki ile shangazi alizirekebisha kwa kalamu.