Namba iliyo mbali na wastani: nifute au niache?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya lishe. Nina takwimu za watoto 600 wa chini ya miaka 5: umri, uzito na urefu. Nimeambiwa nifute kila mtoto aliye mbali na wastani kwa zaidi ya mikengeuko sanifu 2, ndipo nianze uchambuzi. Nisite au nifuate? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimfute mtu kwanza.

Mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani. Mtawanyiko ukiwa wa kawaida (wengi karibu na wastani, wachache pembeni), takriban asilimia 95 ya watoto huwa ndani ya mikengeuko 2 kutoka wastani, juu na chini. Kwa hiyo kati ya 600, karibu 30 watakuwa nje hata kama mizani ni mizima na wapimaji ni makini. Utawafuta kwa kosa gani? Tena mtoto mwenye uzito kwa urefu chini ya -3 (yaani zaidi ya mikengeuko 3 chini ya katikati ya viwango vya ukuaji) ndiye tunayesema ana utapiamlo mkali. Huyo si ndiye uliyemfuata kijijini?

Halafu, wastani upi? Nina wasiwasi umezijumlisha kilo zote, za mtoto wa miezi 6 na za wa miaka 4, ukapata wastani mmoja. Huo hausemi kitu. Geuza vipimo kuwa alama z (idadi ya mikengeuko ambayo mtoto yuko juu au chini ya katikati) kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya mwaka 2006, vinavyozingatia umri na jinsi. (Watoto waliopimwa kuvitengeneza walitoka Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani.) WHO hutilia shaka urefu kwa umri ukivuka -6 au +6, uzito kwa urefu -5 au +5, na uzito kwa umri -6 au +5. Tathmini za SMART (utaratibu wa kupima hali ya lishe ya jamii, hasa kwenye dharura) hubana zaidi: 3 kila upande wa wastani wa utafiti wenyewe.

Na usiuamini mkengeuko sanifu kupita kiasi, maana namba mbovu huuvimbisha, kisha hujificha humo humo. Chukua kilo hizi za watoto 10 wa umri mmoja: 11.2, 11.8, 10.9, 12.1, 11.5, 11.0, 12.4, 11.7, 10.6 na 118. Hiyo ya mwisho ni nukta iliyosahaulika, hata mtoto wa shule anaiona. Lakini piga hesabu: wastani 22.1, mkengeuko sanifu 33.7. Mara 3 yake ni 101.1, na 118 iko mbali na wastani kwa 95.9 tu. Imepita salama! Kwa watu 10, hakuna namba inayoweza kufika mikengeuko 3 hata ungeandika milioni. Ndiyo maana mimi huanza na kupanga safu kutoka ndogo hadi kubwa na kuitazama kwa macho, kabla ya kuiuliza kompyuta.

Alama ikitoka nje ya mipaka, rudi kwenye dodoso la karatasi, hasa safu ya umri, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayodanganya kuliko zote. Mvulana wa miezi 41 mwenye urefu wa sentimita 77 anakaa zaidi ya mikengeuko 5 chini, na kipimo cha -6 cha WHO hakitamkamata. Angalia tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi ya kliniki. Ukikuta ni miezi 14, tarakimu ziligeuzwa, na mtoto yuko karibu na katikati kabisa. Uzito wake kwa urefu haukuguswa, kwa sababu hautumii umri.

Penye ushahidi wa kosa, sahihisha na uandike sababu pembeni. Thamani isiyowezekana na isiyo na dodoso la kurejea, iache wazi kwa kipimo hicho tu, usimwondoe mtoto mzima. Inayowezekana, hata ikiwa ya ajabu, ibaki. Fanya uchambuzi nayo na bila nayo, umpelekee msimamizi majibu yote mawili.

Mwisho, tafuta mkengeuko sanifu wa uzito kwa urefu wa kila timu ya wapimaji. Kwa kawaida huwa kati ya 0.8 na 1.2. Timu yenye 1.5, nenda kaangalie mizani yao.